Samaki Mmoja wa Kajaga

Atumani hakuwa mvuvi. Tuanze hapo, maana balaa lote lilianzia hapo. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, mtu wa vidole laini, na kanzu aliyoishona yeye ilijulikana msikitini kwa jinsi kola yake ilivyokaa shingoni. Ziwa alilijua kwa macho tu. Lakini kwa mwaka mzima, kila Jumapili asubuhi, alimuaga mkewe Miza kwamba anakwenda Kajaga, kando ya ziwa, kuvua, na kila Jumapili jioni alirudi na mukeke wawili watatu waliofungwa kwenye jani la mgomba. Samaki hao aliwanunua sokoni kwa akina mama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshinda Bwiza, ng'ambo ya barabara tu, kwa rafiki yake Rachid, akicheza dama.

Dama, jamani. Si mwanamke, si pombe. Ubao na vizibo vya chupa. Mtu mwenye akili angemwambia mkewe ukweli, akagombezwa kidogo, yakaisha. Lakini Miza alikuwa binti wa Mzee Muhanna, mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Aziatiki, Waarabu walioingia mji huu tangu enzi za babu zao, na katika nyumba ile mwanamume anayeshinda akisukuma vizibo alihesabiwa mvivu. Kuvua ni kazi. Kwa hiyo Atumani alichagua uongo wenye heshima, na uongo ukishanoga mtu huuzoea kama chai ya asubuhi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Atumani ilikatika Jumapili moja ya mwezi wa tano, vita ya jeshi na waasi ikiwa katika mwaka wake wa tisa. Asubuhi ile risasi zililia upande wa Kajaga tangu saa tatu. Jeshi likafunga njia ya Uvira, ile ipitayo Kajaga, halikupita gari wala baiskeli, na mji mzima ukajua kwamba kando ya ziwa kuna watu wamekufa. Miza naye akajua. Akaanza kulia, majirani wakajaa uani, wengine wakaanza kumsomea mumewe Yasini. Saa kumi na robo Atumani akaingia na mukeke watatu mkononi, akipiga mluzi, akasema leo ziwa lilikuwa limetulia kweli.

Miza alijifunga kitenge, akabeba mfuko wake, akaenda kwao.

Wiki ya tatu Mzee Muhanna akamwita mkwewe nyumbani kwake. Pale sebuleni, mbele ya kikombe cha kahawa, ndipo Atumani alipopewa nafasi nzuri kabisa ya kusema kweli, na ndipo alipoongeza uongo juu ya uongo.

"Baba, mi ni muvuvi," alisema. "Ile siku tu sikwenda Kajaga. Nilienda upande ya Kabezi, kule kusini."

Mzee Muhanna alivuta tasbihi yake punje mbili tatu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na kadiri alivyoishusha ndivyo watu walivyozidi kumuogopa.

"Sawa," alisema. "Mutu anayevua, mi sina neno naye. Jumapili uende Kajaga, uniletee samaki moja. Moja tu, hata kama ni ndogo sawa kidole. Lakini umutoe majini na mukono yako, na hapa mbele yangu utaapa. Ukileta, Miza anarudi kwako. Usipoleta, Jumatatu anapanda meli ya Kigoma na shangazi yake, anakaa huko mpaka Mungu atakapopenda."

Atumani alisema inshallah, akanywa kahawa yake, akaunguza ulimi.

Ndiyo maana Jumapili ile ya mwezi wa sita, amri ya kutotoka usiku ilipoisha tu, alikuwa amekaa nyuma ya baiskeli ya abiria, njia ya Uvira, na ndoano mbili kwenye mfuko wa shati. Alikuwa anakwenda kwa Gélase, mvuvi wa Kajaga ambaye Atumani aliwahi kumshonea suruali ya harusi. Gélase alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye kicheko cha haraka, na alipoambiwa habari yote alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi.

"We mutu," alisema, akijipangusa machozi. "Unataka kujifunza kuvua leo? Leo hii, na vita hii?"

Hakutia chumvi. Siku za amani mukeke huvuliwa usiku, kwa taa, maji marefu kule mbali. Lakini jeshi lilikuwa limeweka kituo pale ufukweni, na sheria yake ilikuwa kwamba mitumbwi iingie majini saa moja asubuhi, itoke saa tisa alasiri, na isiende mbali na macho ya askari. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wanavua mchana wa jua kali, kwenye maji ya magotini, kandokando ya matete. Hapo kuna tope, kuna ruba, kuna viboko. Samaki ni wachache, tena wa kubembelezwa.

Pale kituoni askari mmoja aliwataka vitambulisho. Akaiangalia picha ya Atumani, akamwangalia na mwenyewe.

"Unaenda kufanya nini?"

"Kuvua, shefu."

"Na hiyo mikono?"

Atumani aliificha mikono yake nyuma. Askari akavirudisha vitambulisho, akawaambia filimbi ikilia hataki kusubiri mtu.

Walipokwisha kuusukuma mtumbwi, Gélase alikunja uso kidogo, maana sasa walikuwa kazini.

"Sikia, Atumani. Mutumbwi moja, mishipi mbili. Hapa batu wamepigana mpaka wakatoana meno. Kwa hiyo sisi wa Kajaga tuna sheria moja tu. Samaki ni ya mukono uliomutoa majini. Hatuulizi mushipi ya nani, hatuulizi ndoano ya nani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Vizuri. Funga chambo."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Fundi aliyeweza kutia uzi kwenye sindano gizani alishindwa kutia mnyoo kwenye ndoano. Mnyoo wa kwanza ulikatika, wa pili ukaanguka majini, na wa tatu ulipokubali kuingia, ndoano nayo ikaingia kwenye kidole chake. Gélase alikuwa ameshautupa mshipi wake, ameegemea, amefumba jicho moja. Atumani alipofaulu kuutupa wa kwake, ulikwenda moja kwa moja ukanasa kwenye matete. Wakapiga kasia kwenda kuunasua. Akautupa tena, ukanasa tena, pale pale, kana kwamba ameuelekeza.

"Labda unavua matete," Gélase alisema.

Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Gélase alivuta ngege mmoja mnene, akamtupa kapuni. Baada ya kitambo akavuta wa pili. Atumani alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, kwenye maji yale yale, na minyoo kutoka kopo lile lile, na upande wake palikuwa kimya kama msikiti baada ya Isha. Alianza kuona kwamba samaki wale wanamjua. Alianza hata kuhisi kwamba Mzee Muhanna amewatuma.

"Tubadilishane nafasi," alisema.

Wakabadilishana, mtumbwi ukayumba, Atumani akalowa mpaka kiunoni. Alipokaa tu, Gélase akavuta kambale, pale pale alipokuwa amekaa Atumani tangu asubuhi.

"Ni subira, bwana," Gélase alimwambia. "Subira yavuta heri."

"Subira yako ina samaki watatu," Atumani akamjibu. "Yangu ina ruba."

Na kweli alikuwa na ruba kwenye shavu la mguu, ameshavimba kwa damu. Kumtoa kwenyewe kulimchukua muda, maana aliteleza kila alipomshika. Saa nne kiboko mmoja akatoa pua karibu nao, akapumua kwa nguvu, na Gélase akageuza mtumbwi bila haraka lakini bila mchezo. Wakapoteza nusu saa wakizunguka. Walipotulia mahali papya, kule kituoni askari mmoja akaona matete yanatikisika, akafyatua risasi nne. Wakalala ndani ya mtumbwi, uso kwa uso na kambale. Waliotikisa walikuwa ndege. Ndege waliruka, samaki walikimbia, na kwa saa nzima maji yale yalikaa kama ya karai, hata Gélase hakupata kitu.

Atumani alihisi hasira inampanda, hasira ya kweli, ya kutaka kuupiga ukingo wa mtumbwi kwa ngumi. Aliwakasirikia samaki, akawakasirikia askari na waasi na vita nzima iliyowasukuma watu kwenye tope. Akamkasirikia Rachid, ambaye saa hizi alikuwa kivulini, anapanga vizibo. Mtu pekee ambaye hakumkasirikia ni Atumani mwenyewe, na ndivyo tulivyo.

"Unajua kesho anaondoka," alimwambia Gélase. "Mutu anaenda na meli, na ziwa lenyewe siku hizi linapigwa risasi. Sijui kama nitamuona tena. Kwa sababu ya samaki moja."

Gélase alimwangalia safari hii bila kicheko. Akaingiza mkono kwenye maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi, akatoa kingege kidogo kilicho hai ambacho alikuwa amekiweka kwa ajili yake mwenyewe, akakifunga kwenye ndoano ya Atumani, mgongoni, kwa namna ambayo kiliweza kuogelea.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Tupa pale, kwenye mdomo wa mfereji. Usivute mpaka nikuambie."

Atumani akatupa. Mara moja katika siku nzima mshipi ukaenda ulikotumwa.

Jua lilikuwa limeshapinda kidogo kutoka utosini, na adhuhuri imeingia. Atumani akachukua udhu kwa maji ya ziwa. Mtumbwi haukubali mtu asimame, kwa hiyo angeswali ameketi. Hapo akafanya kosa ambalo sidhani kama kuna mvuvi yeyote aliyewahi kulifanya. Kuutoa mshipi majini hakutaka, maana chambo ndiyo kwanza kimetupwa. Kumpa Gélase aushike hakutaka, kwa sababu ya ile sheria ya mkono. Akauzungusha kwenye kidole gumba cha mguu mara tatu, akaufunga kifundo cha fundi, kile kisichofunguka hata nguo ikichanika. Akaelekea kibla, akatoa takbira.

Rakaa ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikaenda vizuri. Katika ya tatu, Alhamdu iko katikati, kidole kikavutwa.

Kilivutwa kidogo, kikaachiwa. Halafu kikavutwa kwa nguvu kiasi kwamba mguu mzima ulinyooka na kisigino kikagonga mbao. Atumani akaendelea kusoma. Alikuwa amewahi kumsikia sheikh akisema kwamba mtu anaweza kukata swala akiona mali yake inapotea. Lakini samaki ambaye bado yuko majini ni mali ya nani? Na mtu ambaye ameshasema uongo wa mwaka mzima, leo akate na swala, halafu aende kuapa? Akasoma mbio mbio. Akainama, akainuka, akasujudu kwa kichwa. Kidole kikawa cha rangi ya zambarau.

"Atumani," Gélase aliita taratibu. "Atumani, mguu."

Atumani akaingia rakaa ya nne.

Mtumbwi ukainama upande. Mguu wa Atumani ulikuwa umeshavuka ukingo, na mwenyewe anateleza nyuma yake huku midomo ikicheza. Gélase akangoja, haki ya Mungu alingoja kuliko mtu mwingine yeyote angeweza kungoja, halafu akaruka, akaudaka mshipi, akavuta mara tano kwa mikono yote miwili. Atumani akatoa salamu ya kulia. Akatoa salamu ya kushoto, na alipogeuka kushoto ndipo akamwona sangala, mrefu kama mkono wa mtu mzima, anajipigapiga juu ya kambale na ngege.

Sangala, samaki wa maji marefu, mchana, kwenye tope lile, hata Gélase alikuwa hajamwona miaka miwili.

"Nani alikuambia ushike?" Atumani akauliza.

"Mguu yako ilikuwa inaenda, bwana."

"Ungeacha iende."

"Na we uende nayo?"

"Ilikuwa inabaki tahiyatu. Tahiyatu tu, Gélase. Dakika moja."

Gélase alimwangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Akachukua kisu, akaukata mshipi kidoleni, maana kile kifundo kilikataa. Ukaacha alama nyekundu kuzunguka kidole chote, na damu kidogo.

"Basi muchukue," alisema. "Nakupa."

"Sitaki unipe. Nataka niwe nimemuvua."

"Basi sema umemuvua. Hapa tuko wawili tu, na mi kwa Mzee Muhanna siingii. Ile sheria ni ya sisi wa Kajaga, yeye haijui."

"We si ndiye uliyesema?"

"Mi nilisema. Mi pia nasema, vyihorere, achana nayo."

Atumani hakuachana nayo. Alifunga mnyoo, akavua tena. Alivua kwa saa mbili nzima, na jua likampiga kisogoni, na hata chura hakugusa ndoano yake. Filimbi ilipolia alikuwa bado ameushika mshipi, na Gélase ilimbidi aanze kupiga kasia bila kumuuliza.

Kituoni yule askari wa asubuhi alifunua kapu. Akapiga mluzi mdogo alipomwona sangala.

"Nani amemutoa huyu?"

"Mimi," Atumani akasema.

Lilitoka lenyewe, laini, kabla hata hajafikiri. Askari akamwangalia mikono tena, akatikisa kichwa kwa heshima, akachukua kambale kuwa fungu la kituo, akawapitisha. Gélase aliangalia pembeni. Walipoachana barabarani alimfungia sangala kwa majani, akamshika Atumani bega, akamwambia aende upesi.

Njia nzima, nyuma ya baiskeli, Atumani alijizoeza. Wallahi, Baba, nimemvua mwenyewe. Mshipi si ulikuwa wake? Kidole si cha kwake? Mguu nao ni kiungo cha mwili, na kama mguu umemvua basi mtu amemvua. Alipofika kwenye daraja la Ntahangwa alikuwa ameshajiridhisha. Alipofika Aziatiki alikuwa ameanza hata kusikia raha.

Mzee Muhanna alikuwa sebuleni. Kando ya mlango palikuwa na mfuko mkubwa uliofungwa kamba, na Atumani aliujua ule mfuko, ndio Miza aliotoka nao Buyenzi. Akamweka sangala mezani, akafunua majani.

"Umeleta," Mzee Muhanna alisema.

"Nimeleta, Baba."

"Umemutoa majini mwenyewe?"

Atumani akafungua mdomo. Pazia la ndani likasogea, na Miza akatokea. Alikuwa amekonda. Hakumwangalia samaki, wala hakumwangalia mumewe usoni. Alikuwa anaangalia miguu ya Atumani.

"Kidole imefanya nini?" aliuliza.

Yalikuwepo majibu mawili, yote tayari. Nimekanyaga ndoano. Nimejikata kwa mtumbwi. Lakini siku nzima ilikuwa imemchosha Atumani, na kuna uchovu ambao mtu hana nguvu hata za kudanganya.

"Nilifunga mushipi kwa kidole," alisema. "Nikaswali."

Na likishatoka la kwanza, hayo mengine hayazuiliki. Akawaeleza minyoo na ruba na kiboko. Akawaeleza ile sheria ya Kajaga, na rakaa ya tatu, na Gélase alivyoruka. Mzee Muhanna alijiziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika kidogo.

"Kwa hiyo samaki ni ya Gélase," alisema alipoweza.

"Ni ya Gélase, Baba."

"Na ile siku ingine?" Miza aliuliza. "Kabezi?"

"Apana. Nilikuwa Bwiza, kwa Rachid. Tulikuwa tunacheza dama. Jumapili zote, Miza. Kuvua sijui. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Alipomaliza alijiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Alifikiri yamekwisha. Mkwewe karibu acheke, mke amemsikia, ukweli umetoka wote. Akatabasamu, maskini.

"Dama," Miza alisema.

"Dama tu. Wallahi hakuna kitu kingine."

Miza alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono yake mapajani. Alizungumza bila kupandisha sauti, kama baba yake.

"Ile siku batu wanasema nililia nyumbani mpaka saa kumi. Sikukaa nyumbani. Saa saba nilitokea mlango ya nyuma, nikaenda hospitali. Mama hajui. Baba anasikia sasa hivi. Walikuwa wamewalaza chini, kwenye korido, wamewafunika. Mutu moja akaniambia, mama, tafuta wako. Nilifunua shuka saba, Atumani. Ya nne, mutu alikuwa na viatu sawa na vyako, vile vya kahawia. Nilikaa pale chini, naogopa kufunua uso. Sijui nilikaa saa ngapi. Nilishika kile kiatu nikakisemesha. Nilikiambia unisamehe vile nilikugombeza asubuhi."

Mzee Muhanna aliiweka tasbihi mezani.

Atumani, mtu aliyekuwa na neno la kila kitu, la mke na la mkwe na la askari, alibaki na moja tu.

"Nisamehe," alisema.

"Nitakusamehe. Nakujua, we si mutu mubaya. Na ndoa siivunji." Miza aliinuka. "Kesho napanda meli. Nitarudi. Inaweza kuwa wiki moja, inaweza kuwa miezi sita. Siku gani, sitakuambia."

"Basi nitumie habari ukifika. Ziwa siku hizi si zuri, Miza. Nitajuaje kama umefika salama?"

"Hutajua," Miza alisema, akarudi ndani.

Jumatatu meli iliondoka asubuhi. Adhuhuri redio ya jirani ilisema kuna chombo kimepigwa risasi upande wa kusini, haikusema chombo gani. Atumani alikwenda mbio bandarini, akaambiwa hakuna anayejua, aulize kesho. Akaenda Aziatiki, Mzee Muhanna akamfungulia mlango yeye mwenyewe, akamwambia Miza amewaapisha wote, neno lolote likija Atumani asiambiwe. Mzee mwenyewe alikuwa na macho mekundu. Atumani akarudi Buyenzi, akaketi mbele ya cherehani, akatia uzi, akautoa, akautia tena. Saa kumi ikamkuta yuko pale pale, na kanzu ya mtu iko mapajani bila mshono hata mmoja.